Vioo vya Wifi Waranti

Asubuhi za baridi Mama Chiriku alikuwa na mazoea yake. Akiamka tu, mkono mmoja unakwenda kwenye paji la uso la binti yake, mwingine kwenye kioo cha dirisha. Siku hiyo paji lilikuwa shwari. Kioo ndicho kilichokuwa mgonjwa.

Kilikuwa kimelowa uso mzima, maji yanateremka mpaka kwenye fremu na kujikusanya pale chini. Akapapasa katikati: baridi ya chuma. Akakimbilia sebuleni akapapasa cha huko. Katikati kavu kabisa, jasho liko ukingoni tu, kama upindo wa kitambaa. Jikoni vilevile. Chumbani kwake, ambako mumewe alikuwa bado anakoroma, vilevile. Kioo kilichokufa ni kimoja tu, nacho ni cha mtoto.

"Jamani," alisema peke yake. "Nyumba nzima hii, kikaona kifie hapa?"

Huyo mtoto walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, akioga, aliongea na ndoo, na paka wa jirani, na picha zilizo kwenye boksi la viberiti. Akinyamaza, watu wote nyumbani waliacha walichokuwa wanafanya, maana kunyamaza kwake hakukuwa adabu. Kilikuwa kifua. Kilimbana mpaka akawa anavuta pumzi kwa mabega, macho yamemtoka, kipulizio cha dawa mdomoni. Daktari wa zahanati alishawaambia bila kuzunguka: dawa mtapewa, lakini mtoto huyu akiendelea kulala kwenye chumba chenye maji na ukungu ukutani, mtazoea njia ya kuja hapa. Kausheni chumba.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya wifi yake.

Huyu alikuwa dada wa mumewe, mkubwa, mwenye duka la vioo barabara kuu, na wakala wa kiwanda kimoja kilichokuwa kinatengeneza vioo vya aina mpya. Kila sentensi yake ilikuwa na neno waranti ndani yake, hata akiagiza chai. Kaka yake mwenyewe ndiye aliyempachika jina la Wifi Waranti, akamwonya mkewe asije akalitamka mbele yake.

"Hiki si kioo kimoja, ni viwili," aliwaambia siku ile alipokuja na kipande cha kuonyesha, akikigongagonga kwa kucha. "Katikati yake pana nafasi nyembamba kama unywele, na hewa yote imefyonzwa. Hakuna kitu. Baridi ikija inafika hapo, inakosa pa kupita, inarudi kwao."

"Kwa hiyo wifi unatuuzia hakuna kitu?" Mama Chiriku aliuliza, na mumewe akacheka mpaka akapaliwa.

"Nawauzia usingizi wa mtoto, wifi. Cheka uje ulie kwa furaha." Akamwonyesha vidoa vilivyopangwa kwenye kioo, vidogo kama punje za ulezi. "Hivi vinazuia vioo visibusiane. Na hii kofia hapa pembeni, unaiona? Kama kifungo cha shati. Chini yake kuna ncha ya kioo, ndipo hewa ilipotolewa, pakazibwa. Hii asiiguse mtu. Ikivunjika, hewa inaingia, basi, umebaki na dirisha kama la banda."

"Na kikifa chenyewe?"

"Kikifa chenyewe, maana yake kiungo cha pembeni kimeachia, na hilo ni kosa la kiwanda. Wanakuletea kingine, wanakufungia, husemi hata asante. Waranti yake inafika mpaka huyu Chiriku awe na watoto wake. Lakini mkikipasua, mkikitoboa, mkikichokonoa, hapo hatujuani, hata kama tumenyonya titi moja." Hapo alimtazama kaka yake. Kisha akaongeza, kwa majivuno ya mtu anayefanya kazi na wakubwa: "Na kiwanda hakina mchezo hata na sisi mawakala. Kuna mwenzangu, nyumba moja tu vioo vilimfia vingi, wakamvua uwakala. Sasa hivi anauza fremu za picha."

Walifunga vioo hivyo nyumba nzima. Na kusema kweli, maana ukweli lazima usemwe hata wa mtu usiyempenda, vile vioo vilifanya kazi. Msimu wa baridi uliofuata ukuta wa chumba cha mtoto ulikauka. Hata kelele za gereji ya jirani zilififia, zikawa kama zinatoka mtaa wa tatu. Chiriku aliongea msimu mzima bila kupumzika, mama yake akawa anashona mapazia ya watu huku anamsikiliza, na mara moja moja anamwambia, "Nyamaza basi kidogo," lakini anaomba moyoni asinyamaze.

Sasa kioo kimekufa. Akampigia wifi yake, akamwambia.

Wifi Waranti alifika mchana, kwa bahati mbaya saa ambayo wateja wawili wa mapazia walikuwa wamekaa sebuleni wanachagua vitambaa. Akawasalimia kwa kidevu, akaingia chumbani, akapapasa kioo, akapiga picha kwa simu, na kabla Mama Chiriku hajafungua mdomo akaona pembeni mwa kioo vikaratasi vya nyota alivyobandika mtoto. Akarudi sebuleni, na sauti yake ilikuwa imetangulia.

"Nani amebandika yale mapambo?"

"Mtoto, wifi. Ni vinyota tu."

"Ni kitu kilichobandikwa kwenye kioo. Jua linapiga, hapa panapata joto, pale hapapati, kioo kinahangaika mpaka kinakufa. Imeandikwa kwenye karatasi ya waranti, wifi. Usibandike. Au ile karatasi ulifungia sukari?"

"Sikuisoma yote."

"Hukuisoma, au uliisoma isikuingie? Sema tu. Mtu akiishia shule ya msingi si kosa, lakini basi aulize wenzake."

Mteja mmoja akajifunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakichagua. Mama Chiriku aliona mabega yake yanavyotikisika.

"Wifi, mimi shida yangu ni mtoto. Kifua kikirudi..."

"Na hicho kifua usikisingizie kioo changu! Kwetu sisi hakuna mtu anayelala akipiga miluzi. Hicho kaja nacho kutoka kwenu, na mimi kwa watu wa kwenu sikutoa waranti." Akachukua mkoba wake, akatoka. Vile viatu vyake vya visigino vikawa vinagonga sakafu ko, ko, ko, kila hatua kama anaongezea neno.

Wale wateja walisema watarudi kesho. Nadhani unajua kesho ya namna hiyo ilivyo.

Mama Chiriku hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alikaa kwenye cherehani yake, akakanyaga, na kila sindano ilipoingia kwenye kitambaa alikuwa anamchoma mtu fulani. Kutoka kwenu. Shule ya msingi. Mtu amekutukana mwenyewe, unameza. Amekutukana na ukoo wako, unameza kwa shida. Lakini amesema mtoto wako, aliyetoka tumboni mwako, ni bidhaa mbovu isiyo na waranti, hapo pa kumezea panatoka wapi?

"Utaongea na dada yako?" alimuuliza mumewe, ambaye alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu mpole, mwenye kutengeneza kila kinachovuja isipokuwa mdomo wa dada yake.

"Dada ndivyo alivyo. Nitaongea naye."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Hiyo nafasi inauzwa wapi, nikakununulie?"

Akajikuna kichwa, akaenda kulala.

Baridi ikazidi. Kila asubuhi mama alikausha kile kioo kwa matambara, akayakamua kwenye ndoo, na jioni maji yamerudi. Kwenye pembe ya ukuta ukatokea weusi kama wa moshi. Akausugua kwa dawa, ukatokea tena. Akajaribu kumlaza mtoto chumbani kwake, wakabanana watatu, baba akawa anapigwa mateke usiku kucha na kwenda kazini kama mtu aliyetoka vitani. Ikabidi mtoto arudi kitandani pake. Na siku moja, Chiriku akiwa anamsimulia mama yake habari ya paka wa jirani, alikatikia katikati ya neno. Walishinda zahanati. Waliporudi, mama alimlaza, akasimama mbele ya lile dirisha, akasema kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayekula yamini: "Wifi, utanitambua."

Alifikiria mengi. Alifikiria kumtangaza mtaa mzima, lakini maneno yangekuwa ya siku mbili, na kwa maneno wifi yake alikuwa bingwa. Alifikiria kumshonea mapazia ya duka lake yapinde upande mmoja. Lilimchekesha, halikumtosheleza. Alitaka jambo la kumkata maini. Amwone anakaa chini kwa kukosa miguu.

Simu ya Wifi Waranti ndiyo iliyompa njia.

"Mkaguzi wa kiwanda anakuja Alhamisi," alisema, bila salamu. "Msiguse kitu. Narudia, wifi, msiguse kitu." Akakata.

Sikiliza sasa jinsi chuki inavyotafsiri. Mtu mwingine angesikia kwamba mkaguzi anakuja, tena heri. Mama Chiriku alisikia: namleta mtu wa kuandika kwa wino kwamba kosa ni lako. Akaweka simu chini, na yale maneno ya siku ile ya majivuno yakamjia mazimamazima: nyumba moja tu, vioo vikamfia vingi, wakamvua uwakala.

Akageuka akatazama dirisha la sebuleni. Zuri, kavu, limetulia. Halina kinyota hata kimoja.

Kikifa kimoja, alijiambia, watasema ni mama na vikaratasi vya mtoto wake. Vikifa vyote je? Watambandikia nani?

Jumatano asubuhi alimpeleka Chiriku kwa jirani akacheze na paka, mume akiwa ameshaondoka. Kwenye begi la kazi la akiba la mumewe alichukua koleo. Akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta kiti mpaka dirishani, akapanda.

Ile kofia aliibandua kwa ncha ya mkasi wake mdogo. Chini yake palikuwa na ncha ya kioo, nyembamba kama jino la kitana, imesinyaa mwishoni pale ilipozibwa. Akaibana kwa koleo.

"Hii ya karatasi ya sukari," alisema, akakaza.

Tik. Halafu kioo kikavuta pumzi: fyuuu, kwa muda mfupi, kama mtu aliyepewa habari mbaya mbele za watu. Mama Chiriku alisisimka kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo. Tangu siku ile ya wateja, hakuwa amesikia sauti tamu kama ile.

Jikoni. "Hii ya shule ya msingi." Tik. Fyuuu.

Chumbani kwake alikawia kidogo, akaufaidi utamu ule. "Na hii, mwanamke wewe, ni ya watu wa kwetu." Tik. Fyuuu.

Likabaki dirisha la mtoto. Lile lilikuwa limekufa tayari, halihitaji kuuawa. Alisimama nalo uso kwa uso, koleo mkononi. Angeliacha, mambo yangekuwa mengine kabisa, na hata nisingekuwa na la kukuonya. Lakini akili ya mtu mwenye kisasi inakuwa na usafi wake wa ajabu. Akaona lile moja likibaki na ncha nzima wakati mengine yote yana ncha zilizovunjika, litakuwa tofauti, na tofauti huulizwa. Bora yote yafanane, ionekane ni kiwanda kilichowapa mzigo mbovu. Akaibandua kofia, akabana. Tik.

Lile halikuvuta pumzi. Lingevutaje, na hewa ilishaingia siku nyingi? Ukimya ule ulikuwa unamwambia kitu, ila masikio yake yalikuwa bado yamejaa utamu wa yale mengine. Akashuka kwenye kiti, akachukua gundi yake ya kubandikia urembo wa mapazia, akazirudisha kofia zote mahali pake, akafuta vumbi, akarudisha koleo begini.

"Mama, kunanuka gundi," Chiriku alisema aliporudi, kabla hata hajavua viatu.

"Nabandika kazi ya watu."

"Kazi gani? Mbona cherehani imefunikwa? Mama, kazi gani?"

"Nenda kale, mama, nenda kale."

Alhamisi kulipokucha madirisha yote yalikuwa yanalia. Baba Chiriku alitembea kutoka chumba hadi chumba na mswaki mdomoni.

"Hee! Hata la sebuleni?"

"Vioo vya dada yako hivyo," mkewe alimjibu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akamkaangia mayai.

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa na tochi na kifaa kidogo cha kubandika kwenye kioo ili kupima kinavyopitisha baridi. Wifi Waranti alikuwa nyuma yake, amevaa kama anakwenda kwenye harusi.

"Kwa kuwa tumeshaingia, nipime na vingine," mzee alisema, akabandika kifaa chake kwenye dirisha la sebuleni. Akasubiri, akasoma. "Hiki kimekufa."

"Haiwezekani!" Wifi alikipapasa kwa viganja vyote viwili. "Hiki nilikiona siku ile nilipokuja. Kilikuwa kizima!"

Jikoni, kimekufa. Chumbani kwa wazazi, kimekufa. Kila mzee aliposoma, Mama Chiriku alikuwa anautazama uso wa wifi yake kama mtu anavyotazama chungu kikianza kuchemka. Rangi ilimtoka. Mkoba ukamteremka begani asiutengeneze. Mwishowe akashika mlango.

"Wifi, kaa chini nikuletee maji," Mama Chiriku alisema kwa upole mtamu. "Au waranti haihusiki na kuzimia?"

Yule hakujibu. Kumbe midomo yake inaweza kukosa neno! Mama Chiriku aliiweka picha ile moyoni, aje aitoe na kuitazama akiwa peke yake.

Lakini mkaguzi alikuwa amerudi sebuleni. Aliinama kwenye pembe ya kioo, akamulika, akasogeza pua.

"Mama," alisema, bado kwa upole, "gundi hii ya nani?"

"Gundi gani, baba?"

Akaisukuma kofia kwa ukucha. Ikatoka, ikavuta uzi mwembamba wa gundi kama utando wa buibui. Akamulika chini yake. Ncha ilikuwa imekatwa, na kando yake meno ya koleo yalikuwa yameacha alama ambayo hata mtoto angeisoma. Akaenda jikoni, akarudi. Akaenda chumbani kwa wazazi, akarudi. Ndipo akaingia chumbani kwa Chiriku, na wote wakamfuata.

"Hiki ndicho kilichonileta," alisema. "Wakala alinitumia picha zake. Vinyota vidogo kama hivi havina neno. Angebandika karatasi nyeusi uso mzima, hapo tungekataa. Nilimweleza, naye alishinda ofisini kwetu akitugombeza mpaka mkubwa wangu akakubali. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, nione kofia haijaguswa na ncha ni nzima. Hiyo ndiyo alama kwamba kiungo kimeachia chenyewe. Basi, nafungua, nafunga kipya, naondoka. Kipya nimekuja nacho."

"Umekuja nacho?" Mama Chiriku aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Kiko garini."

Akaisukuma na ile kofia. Uzi wa gundi ukavutika.

"Sasa niambie, mama. Hewa iliingilia wapi, pembeni kwenye kiungo au hapa kwenye ncha? Siwezi kujua. Hata waliokitengeneza hawawezi kujua. Ushahidi wote ulikuwa kwenye hii ncha."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, anamtazama mmoja baada ya mwingine. Mzee akamwona. Labda alitaka kumpa mwenye nyumba njia ya kupitia, maana wazee wengine wana huruma ya namna hiyo.

"Mtoto huyu huwa anachezea koleo la baba yake?"

Hapo, mama mwenzangu, ndipo nywele zangu zinaposimama. Kwa sababu Mama Chiriku hakusema hapana. Alifungua mdomo, na neno hapana halikutoka. Alikaa hivyo kwa muda wa kutosha mtoto kumtazama, na kuendelea kumtazama.

"Mama," Chiriku alisema, "mimi sijagusa."

"Hajagusa," mama alisema. "Ni mimi. Vyote ni mimi."

Mkaguzi akazima tochi. Wifi Waranti alimtazama mke wa kaka yake, na rangi ikaanza kumrudi usoni, polepole.

"Nilikaa kwenye benchi lao mpaka wakanichoka," alisema. "Mimi! Nikawaambia ni mtoto wa kaka yangu, kifua kinambana, mkinikatalia nauvua uwakala wenyewe nawaachia mezani."

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Nikuambie nini? Kwamba nilikosea habari ya vinyota? Nilisema nitakuja na kioo, kioo kitasema chenyewe." Akavuta mkoba wake begani. "Ulitaka nivuliwe uwakala. Sema."

"Ulinitukania mtoto mbele za watu."

"Nakuuliza, ulitaka nivuliwe?"

"Nilitaka. Nilitaka ukae chini."

"Basi mimi nimesimama."

Mama Chiriku alimgeukia mkaguzi. "Baba, hivi vyote viandike ni kosa langu. Vife, nitaishi navyo. Kile kimoja tu. Mfungie mtoto kile kimoja, mimi nitapiga magoti hapa hapa." Na kweli alipiga magoti, kwenye sakafu ile yenye maji ya dirisha.

"Inuka, mama. Mimi nikiandika kwamba nimefunga kioo kipya juu ya ncha iliyokatwa kwa koleo, kesho sina kazi. Na waranti ya nyumba nzima imeishia hapa. Si kwa hiki wala kwa vile. Kwa vyote."

"Wifi..." alimgeukia mwingine. "Wewe ni wakala. Kiombe wewe."

Wifi Waranti aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa yule aliyepiga magoti.

"Nitakiomba," alisema. "Nitawaomba wakiweke dukani kwangu, dirisha la mbele, barabarani. Kila ukipita kupeleka mapazia ya watu, usione haya. Sogea ukipapase. Katikati kavu."

Akambusu Chiriku kwenye utosi, akatoka na mkaguzi. Mama Chiriku aliwafuata mpaka nje bila viatu. Kioo kipya kilikuwa kimefungwa kwa blanketi na kamba, kimesimama wima nyuma ya gari, kipana sawasawa na dirisha la mtoto, maana kilikatwa kwa kipimo chake. Mkaguzi alikaza kamba moja iliyolegea. Gari likaondoka taratibu, kama gari lililobeba kioo linavyopaswa kuondoka.

Jioni Baba Chiriku alirudi, akaambiwa yote na mkewe mwenyewe. Hakupiga kelele. Alikwenda akalichukua koleo, akalitia kwenye begi la kazini, akavuta zipu. Kisha, kwa kuwa bei ya hata kioo kimoja kipya hawakuwa nayo, akabeba godoro la mtoto akalitandika koridoni, mahali pekee pa nyumba ile pasipo na dirisha. Ndipo mtoto anapolala mpaka leo, anayekwenda chooni anamruka. Chiriku anaona ni mchezo, kifua kikimwachia. Kisipomwachia haoni chochote. Habari ya koleo hajamuuliza mama yake hata siku moja, yeye anayeuliza kila kitu.

Mama Chiriku aliapa hatapita mbele ya lile duka. Alizungukia barabara ya nyuma mpaka siku ile ya baridi kali aliyokuwa na furushi zito la mapazia kichwani, na mteja anamsubiri, ikambidi akatize. Kioo kilikuwapo, dirisha la mbele. Kando yake, vioo vya maduka mengine vilikuwa vimelowa kwa ndani, watoto wameandika majina yao kwa vidole. Hiki kiling'aa.

Hakutaka kusogea. Miguu ilisogea. Akaweka furushi chini, akainua kiganja, akakiweka katikati. Palikuwa pakavu, pametulia, kama mgongo wa mtu aliyelala vizuri.

Alipoinua macho, wifi yake alikuwa ndani, amesimama na mteja, anamtazama. Hakucheka wala hakukunja uso. Alimwacha mteja wake pale pale, akachukua kitambaa, akafungua mlango akatoka nje, akapafuta pale mkono ulipogusa. Akapafuta vizuri, akarudi ndani.